Uso wa Kulia

Dereva wa lori alitema maji kwenye beseni, akajipangusa mdomo kwa kiganja, na kabla hajashuka kitini akasema, "Daktari, kumbe na wewe jino lako limepanda."

Daktari wa meno alikuwa anavua glavu. Barakoa ilikuwa bado usoni, kama ilivyokuwa kila siku ya kazi tangu afungue kliniki yake. Mikono ilisita kidogo, halafu ikaendelea.

"Nani kakuambia?"

"Si uko pale nje, kituo cha basi. Mdomo wazi mpaka kilimi kinaonekana." Dereva alicheka kwa nusu ya uso, nusu nyingine ilikuwa bado imekufa ganzi. "Nimepita asubuhi nikasema, huyu si ndiye anayenishika taya? Macho ni hayo hayo."

Msaidizi wa Daktari, mama mtu mzima ambaye kwa kawaida mdomo wake haukupoa, alikuwa ameinamia trei ya vifaa akipanga koleo ambazo zilikwisha kupangwa. Daktari alimtupia jicho akajua kwamba habari ile ilikuwa imeshazunguka jengo zima, kuanzia kwa mlinzi wa getini hadi duka la dawa la chini, na kwamba yeye ndiye wa mwisho kuipata.

Mchana alivuka barabara. Bango lilibandikwa ukutani nyuma ya benchi la abiria, refu kumpita. Mwanamke wa makamo amekaa kwenye kiti cha mbao, amevaa shimizi iliyochakaa, brashi ya rangi mkono wa kulia, anapiga mwayo. Si mwayo wa adabu wa kufunikwa kwa kiganja. Ulikuwa mwayo wa mtu aliye peke yake chumbani, ulimi umelala, macho yamefinyika, na juu upande wa kulia, chonge limepanda juu ya jino la jirani yake kama mtu anayechungulia juu ya bega la mwenzake. Chini ya bango paliandikwa neno moja kwa herufi nene: MIMI. Kisha jina la ukumbi wa maonyesho na tarehe ya kufunguliwa.

Hakuwa yeye. Alikuwa pacha wake. Hilo alilijua tangu alipokuwa upande wa pili wa barabara, maana hakuna mtu mwingine duniani ambaye angejichora katika hali ile na kujibandika kituoni. Lakini alisimama pale muda mrefu kuliko alivyokusudia. Kijana mmoja aliyekuwa kwenye benchi alitazama bango, akamtazama yeye, akatazama tena bango, kisha akasogea kumpisha akae.

Walizaliwa siku moja, na nyumbani waliitwa kwa mikono yao. Mmoja alishika kijiko kwa kushoto, na tangu hapo akawa Shoto. Mwingine hakuhitaji jina la utani kwa kuwa alikuwa kama watu wengine, na alipohitimu chuo akawa Daktari hata kwa mama yake. Walifanana kurwa na doto, isipokuwa mambo yao yalikuwa yamegeuzwa. Doa dogo jeusi la kuzaliwa, Daktari alikuwa nalo shavu la kulia na Shoto shavu la kushoto. Nywele zilijigawa zenyewe huku kwa huyu na kule kwa yule. Watu wa nyumbani waliwatofautisha kwa doa. Watu wa nje hawakuhangaika, waliwaita wote "pacha" na kuendelea na safari zao.

Ukubwani kila mmoja alishika njia yake. Shoto alichora, na zaidi ya yote alijichora mwenyewe. Alijichora akiwa mjamzito, akiwa ametoka kuachwa, akimenya viazi, akiumwa, akiwa na hasira. Aliwahi kuulizwa redioni kwa nini hachori watu wengine, akajibu, "Uso wangu hauchelewi kuja kazini." Kisha akaongeza kwa sauti ya upole kwamba anajichora ili ajijue. Daktari aliyasikia akiwa anaziba jino la mtu, akaendelea kuziba.

Yeye alijificha. Hakuna aliyewahi kuliita hivyo, ila ndivyo ilivyokuwa. Jino lake lilikuwa aibu ndogo ya kila siku. Chuoni aliambiwa mara nyingi kwamba ni kazi ya waya wa mwaka mmoja tu, akawa anaahirisha, na alipokuwa na uwezo wa kulirekebisha alikuwa anawafahamu madaktari wote wa meno wa mji ule na hakutaka hata mmoja wao amwone amelala kitini. Akajifunza kucheka midomo ikiwa imefungwa. Barakoa ikamaliza shughuli. Kulikuwa na wagonjwa aliowatibu tangu wakiwa wanafunzi, sasa wana watoto, ambao hawajawahi kumwona pua.

Alipofika kwa Shoto jioni ile hakubisha hodi. Chumba cha kuchorea kilikuwa juu ya karakana ya seremala, na vumbi la mbao lilipanda hadi kwenye ngazi. Shoto alikuwa anaosha brashi kwenye kopo, shati lake limejaa rangi mpaka kola.

"Nilijua utakuja," alisema bila kugeuka. "Niliwaambia watu wa ukumbi wasibandike mtaa ule."

"Uliwaambia?"

"Niliwaambia. Hawakusikia. Karibu ukae, hicho kiti kimekauka."

Daktari hakukaa. "Umenichora bila ruhusa yangu."

Shoto aligeuka. "Nimekuchora wewe? Daktari, nilikaa mbele ya kioo hicho hapo, nimechoka kama punda, nikajichora. Uso ni wangu. Kama na wewe unao, mlalamikie Mama."

"Usinifanye mtoto. Kama ulitaka kunifanya kichekesho kwa watu, ungesema. Mimi nafanya kazi na midomo ya watu. Leo mgonjwa ananihesabia meno."

"Ni jino langu!"

"Si jino lako."

"Ninalo hapa hapa. Tangu utotoni tunalo wote wawili, umesahau?"

Daktari alivuta pumzi. Alikuwa amekuja kugomba, na maneno aliyapanga njiani, lakini alipoliona jino lile kwenye turubai yenyewe, kubwa na lenye kung'aa, kilichokuja mbele kilikuwa kazi yake. "Fungua mdomo," alisema.

"Nini?"

"Fungua mdomo, Shoto. Sogea dirishani."

Shoto alifungua. Daktari alimshika kidevu kwa vidole viwili, akakiinua kuelekea kwenye mwanga, kama alivyoshika videvu vya watu wote. Akaangalia. Halafu akamgeuza taratibu hadi wote wawili wakawa wanaielekea ile picha.

"Chonge lako limepanda kushoto," alisema. "Langu ndilo limepanda kulia. Mtazame huyo. Doa lake liko shavu gani? Brashi ameishika mkono gani? Wewe umewahi kushika brashi kwa kulia?"

Shoto alitazama picha, akatazama mkono wake wa kushoto uliokuwa bado unadondosha maji. Akacheka. "Kioo," alisema. "Ni kioo tu. Kila anayejichora kwa kioo anatoka amegeuka. Hilo linajulikana."

"Linajulikana kwa mtu asiye na pacha aliyegeuka. Wewe ukigeuzwa unakuwa mimi."

Kicheko cha Shoto hakikukatika mara moja. Kilipungua kama maji ya bomba yanayofungwa na mtu asiye na haraka. Akaenda ukutani, ambako turubai za zamani zilikuwa zimeegemezwa zikiwa zimegeuziwa kisogo, akaanza kuzigeuza moja moja. Mjamzito, doa shavu la kulia. Viazi, kisu mkono wa kulia. Hasira, nywele zimegawika upande wa Daktari. Alizigeuza zote hadi chumba kikajaa Daktari: Daktari mwenye tumbo la mimba ambayo hakuwahi kuibeba, Daktari aliyeachwa na mume ambaye hakuwa wake.

"Miaka yote hii," Shoto alisema, "nikitamba kwamba najitafuta. Kumbe nilikuwa nakutafuta wewe."

"Mimi sikuwa nimepotea," alisema Daktari.

Maneno yalimtoka makavu kuliko alivyotaka. Shoto alikaa sakafuni katikati ya picha, magoti juu. Daktari alisubiri kidogo, kisha akashuka ngazi.

Jumapili iliyofuata Shoto hakuonekana kwa Mama. Wote wawili walikuwa na desturi ya kwenda kula mchana huko, na sahani yake ilikaa mezani imefunikwa mpaka chakula kikapoa. Sebuleni kwa Mama kulikuwa na picha moja ya Shoto, aliyoichora zamani akiwa bado anaishi nyumbani: msichana anasoma kitabu huku ameshika tama. Daktari alikuwa ameiona picha ile mara nyingi kiasi kwamba alikuwa haioni tena. Siku hiyo aliisogelea.

"Mama, huyu ni nani?"

Mama alikuwa anakunja kitambaa cha meza. "Swali gani hilo? Ni wewe."

"Shoto alijichora mwenyewe."

"Kajichora wapi, na doa ni lako? Mimi niliwazaa, nitashindwa kuwajua?" Mama alikuja akasimama karibu naye, akavaa miwani. "Siku aliponiletea nilifurahi sana. Nyinyi mlikuwa hamkai chumba kimoja bila kuvutana nywele. Nikasema, afadhali, amekaa chini akamtazama mwenzake."

"Mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza?"

Daktari aliendelea kutazama msichana yule wa kwenye picha, ambaye alisoma kwa utulivu ambao yeye hakuukumbuka. Mama alivua miwani. "Mbona hajaja? Mmegombana?"

"Hatujagombana. Nimemwambia ukweli mmoja."

"Haya," alisema Mama. "Mpelekee chakula chake."

Alimkuta Shoto amekaa mbele ya kioo bila kuchora. Rangi zilikuwa zimekauka kwenye kibao cha kuchanganyia. Alikula akiwa amesimama, kwa kushoto, na alipomaliza akaweka sahani juu ya dirisha.

"Msimamizi wa ukumbi anapiga simu kila saa," alisema. "Anataka picha ya mwisho. Kila nikikaa hapa nakuona wewe umekaa unaningoja. Sasa niambie, wewe unayeshinda na vioo kutwa: mtu anajionaje alivyo?"

Daktari alifikiri. Swali hilo aliliweza. Alishuka kwa seremala akaazima vioo viwili vya kabati vilivyokuwa vinasubiri kupachikwa, akapanda navyo, akaviweka mezani vimekutana kwa ukingo kama kuta mbili zinavyokutana pembeni mwa chumba, akavisogeza mpaka pembe ikakaa sawa. "Kaa hapa," alisema. "Tazama pale vinapokutana."

Shoto alikaa. Katika kona ile ya vioo uso wake ulitokea, ufa mwembamba umempita katikati ya pua. Akainua mkono wa kushoto kujigusa shavu, na yule wa kwenye kioo akainua mkono wa upande usiotarajiwa. Shoto alirudi nyuma kama aliyeguswa na umeme.

"Mdomo wangu umekwenda upande!"

"Ndivyo ulivyo. Sisi wengine tumeuzoea."

"Nina sura ya mtu mjeuri."

"Hilo pia tumelizoea."

Safari hii walicheka wote. Kisha Shoto akamwambia akae naye aone, na Daktari, bila kufikiri, akakaa. Uso uliokuwa kwenye kona ya vioo haukuwa ule aliouona kila asubuhi akijipaka mafuta. Ulikuwa uso wa kwenye bango. Ilimchukua muda kulipanga jambo hilo kichwani: kama kioo cha kawaida kilimgeuza Shoto kuwa yeye, basi na chake kilikuwa kimemgeuza yeye kuwa Shoto. Tangu utotoni, kila alipokuwa akichana nywele, aliyekuwa akimtazama usoni ni dada yake. Aliinuka akasema kwamba ana wagonjwa asubuhi.

Alirudi siku ya pili baada ya kazi, na siku zilizofuata. Shoto alikuwa amekwama kwa jambo ambalo Daktari alilifahamu vizuri. Mkono ulikwenda kinyume. Alitaka kuchora pembe ya jicho, brashi ikaenda puani. "Wanafunzi wetu wote huanza hivyo," Daktari alimwambia. "Unaingiza kioo mdomoni mwa mtu, unataka kwenda mbele, unakwenda nyuma. Wengine hulia. Usitazame mkono. Tazama unakotaka kufika, mkono utakuja wenyewe." Alikaa kwenye kiti kilichokauka, akisoma gazeti, akivisogeza vioo vilipoteleza.

Katika jioni hizo alizitazama zile picha za ukutani kwa zamu, kama mtu anayesoma faili la mgonjwa. Nyingi zilimpita. Moja haikumpita. Ilikuwa ndogo, ya uso tu. Shoto aliichora baada ya mazishi ya baba yao, na nyuma ya turubai aliandika "Kulia." Mama alipoiona enzi hizo aliuliza, "Kulia kwa mkono au kwa machozi?" na ingawa matanga yalikuwa bado hayajaisha watu walicheka. Uso ulikuwa umevimba, pua imelowa, mdomo umekunjika pasipo aibu yoyote.

Wakati wa msiba ule Daktari ndiye aliyeshika mambo. Ndiye aliyekwenda hospitali kuchukua mwili, aliyetafuta jeneza, aliyempigia simu kila mtu, aliyehakikisha wageni wamekula. Watu walimsifu kwamba ana moyo mgumu. Alidhani atalia baadaye, akipata nafasi, na nafasi ilipopatikana kilio kilikuwa kimeondoka. Sasa alikuwa mbele ya uso wake mwenyewe, doa mahali pake, ukilia kilio ambacho haukuwahi kukilia.

"Hiyo ukiitaka chukua," Shoto alisema kutoka kule kwenye vioo.

"Itakwenda kwenye maonyesho?"

"Ilikuwa iende. Sasa sijui. Sijui niandike nini chini yake. Nimefikiria nibadilishe vibao vyote vya majina, niandike 'Mwenzangu.' Ndio ukweli, sivyo? Ulisema mwenyewe."

"Usibadilishe kwa ajili yangu."

"Basi unataka nini, Daktari? Ulikuja hapa ukidai uso wako. Nakurudishia, hutaki."

Daktari alikunja gazeti. "Sijui," alisema. Na kweli hakujua.

Maonyesho yalifunguliwa siku iliyopangwa, vibao vikiwa kama vilivyokuwa. Daktari hakwenda kwenye ufunguzi, alisema ana kazi. Alisikia kwa msaidizi wake kwamba ukumbi ulifurika, na kwamba picha mpya ya Shoto, ile ya vioo viwili, haikupendwa sana. Watu walisema ni ngumu, imekaa kama picha ya kitambulisho, jicho moja limepanda kuliko jingine. Gazeti moja liliandika kwamba msanii amechoka. Shoto alilisoma kwa sauti kwa Mama Jumapili, akacheka, akaomba aongezewe mchuzi. Alisema picha ile haiuzi, na kwamba sasa anaanza nyingine kwa vioo vile vile, maana seremala hajavidai.

Daktari alikwenda siku ya mwisho, mchana, wakati hakuna watu wengi. Alitembea taratibu. Alisimama kidogo mbele ya ule mwayo, ambao sasa haukumsumbua kitu, na kidogo zaidi mbele ya picha mpya. Jicho moja lilikuwa limepanda kweli. Lakini alikuwa Shoto, Shoto wa kubishana naye mezani, mdomo umekwenda upande na ujeuri wake wote, na Daktari alijikuta anataka kumjibu.

Kisha akafika kwenye "Kulia." Mwanamume mmoja mwenye mvi, kofia mkononi, alikuwa amesimama hapo. Alimtazama Daktari, akatazama picha, akajua, au alidhani amejua.

"Samahani, mama," alisema kwa heshima. "Nimemzika mke wangu mwaka huu. Nilikuwa najiuliza, uliwezaje kushika brashi katika hali hii? Mimi nilishindwa hata kufunga vifungo vya shati."

Ingekuwa rahisi kumwambia kwamba amekosea mtu, na kuondoka. Ingekuwa rahisi pia kujibu kama yeye ndiye, kwa kuwa uso ulikuwa wake na angeweza kuuthibitisha jino kwa jino.

"Pole sana," alisema. "Mimi sikuchora. Mimi hata kulia sikulia. Nilikuwa nahesabu viti vya wageni." Alionyesha picha kwa kidevu. "Huyo ni dada yangu."

Mwanamume aliangalia doa la kwenye picha, akaangalia doa la shavuni kwa Daktari. "Mnafanana kweli," alisema mwishowe.

"Watu husema."

"Na marehemu alikuwa nani?"

"Baba yetu. Alikuwa fundi saa. Alikuwa na maneno machache." Daktari alistaajabu kusikia sauti yake inaendelea. "Alipokuwa mgonjwa, mimi ndiye niliyekuwa nampeleka hospitali. Siku ile ya mwisho nilichelewa. Kulikuwa na mgonjwa kitini, nikasema nimalize jino hili kwanza. Nikalimaliza vizuri kabisa."

Mwanamume aligeuza kofia yake mikononi, akabaki amesimama karibu naye, na wote wawili wakaendelea kutazama picha. Machozi yalikuja bila kelele, yakashuka upande mmoja kabla ya mwingine. Hakuyafuta haraka. Barakoa alikuwa ameiacha kazini.

Shoto alitokea mlango wa nyuma akiwa na bisibisi na mkanda wa kufungia, tayari kuteremsha picha. Aliwaona wawili wale, akasimama mbali. Yule mwanamume alipoaga na kwenda, ndipo alipokaribia, akamtazama mwenzake usoni kwa muda, kwa yale macho yake ya kuchorea.

"Usithubutu," alisema Daktari.

"Sijasema kitu."

"Nakujua."

"Basi nishikie upande huo," alisema Shoto, akatumbukiza bisibisi nyuma ya fremu. "Polepole. Hii ni nzito kuliko inavyoonekana."